Motokaa Isiyorudi Nyuma

Msomaji aliyezoea magari ya siku hizi, yale ya kuzungusha ufunguo yakaunguruma, huenda akadhani kuwasha gari ni kazi ya vidole viwili. Kwa motokaa ya Mkunga ilikuwa kazi ya mwili mzima. Nitaieleza polepole, kwa sababu ukiielewa utakuwa umeshamwelewa Mkunga nusu.

Kwanza unavuta choki. Hicho ni kifundo kidogo kando ya usukani. Ukikivuta, injini iliyopoa hupata petroli nyingi na hewa kidogo, mfano wa mtu anayeamshwa kwa kahawa nzito. Kisha unafungua swichi, unashuka, unazunguka mbele, na kuingiza hendeli katika tundu lililo chini ya boneti. Hendeli ni chuma kilichopindwa mara mbili. Unakivuta kwa nguvu kuelekea juu, hukisukumi chini. Na kidole gumba hakikumbatii chuma. Kinalala upande mmoja na wenzake, maana injini ikikasirika hupiga teke kwa nyuma, na gumba lililokumbatia huvunjika.

"Mikono ndiyo riziki yangu," Mkunga aliniambia siku aliponionyesha. "Na yako ni chaki. Weka gumba huku."

Nilikuwa mpangaji wake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilishuka kutoka Taita kuja kufundisha shule ya msingi upande wa Buxton, nikapata chumba cha juu katika nyumba yake ya Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya kichochoro kisichopenya, si mbali na barabara ya Ndia Kuu. Alikuwa amekwisha kustaafu kutoka wadi ya wazazi, lakini hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mkunga, na wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwake.

Motokaa yake ilikuwa ya Kiingereza, ya milango miwili, ya mviringo kama hamri lililoumuka vizuri. Rangi yake ya asili ilikuwa kijani, ingawa mabawa yake mawili yalitoka kwa gari jingine lililokuwa la maziwa, na Mkunga hakuona haja ya kuyapatanisha. Badala ya taa za kuonyesha unakokata, ilikuwa na vijikono viwili vilivyofichwa kwenye nguzo za milango. Ukibonyeza, kijikono kinachomoka na kuinuka, kikionyesha kushoto au kulia. Cha kushoto kilikuwa kigumu kuchomoka hadi abiria apige nguzo kwa ngumi. Sakafuni upande wangu palikuwa na tundu lililozibwa kwa kifuniko cha kopo la biskuti. Kikisogea, niliiona lami ikikimbia chini ya viatu vyangu.

Mkunga aliachiwa motokaa hiyo na muuguzi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao, kwa bei ambayo, alivyosema mwenyewe, haingempatia baiskeli nzuri. Na hapa nataka vijana wanielewe. Wakati ule karani, fundi cherehani au muuguzi aliweza kumiliki gari kuukuu bila kuwa tajiri. Ulifungua boneti ukaona injini yote, na chini yake ukaiona ardhi. Kila kitu kilishikika. Ukanda ukikatika, ulifunga soksi ndefu ya kike ukafika nyumbani. Halafu meli zikaanza kushusha magari ya mitumba kutoka Japani, yanang'aa, kimya, na yale makuukuu yakaanza kutoweka mitaani moja baada ya jingine. Ya Mkunga ikabaki. Mtaa mzima uliijua sauti yake, hata mama aliyekuwa jikoni aliweza kusema, "Mkunga huyo, ameshafika Kibokoni."

Ilikuwa na kilema kimoja. Haikuweza kurudi nyuma.

Jino la gia ya rivasi lilivunjika miaka mingi kabla sijafika. Mafundi walimwambia lazima giaboksi ifunguliwe yote. Mkunga akakataa katakata. "Mukishaipasua tumbo, haifungiki tena," alisema. Huyu ni mwanamke aliyetumia maisha yake kuwahimiza wazazi wasiogope kisu pale daktari anapoona kinahitajika. Nilimkumbusha hilo mara moja. Akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo hakuulizwa.

Sasa fikiria kichochoro kisichopenya, upana wake motokaa na mtu mmoja mwembamba, na mwisho wake ndipo nyumba ya Mkunga ilipo. Unaingia kwa mbele. Huna nafasi ya kugeuza. Ili utoke ni lazima urudi kinyumenyume hadi njia kuu. Kwa hiyo kila safari ya Mkunga ilianzia barazani, kwa wanaume waliokaa pale na kahawa yao. Alitoka amejitanda buibui, mkoba kwapani, akaketi nyuma ya usukani, akatia gia huru, kisha akapiga honi iliyolia kama bata mwenye mafua.

"Sabalkheri, wazee!"

"Sabalkheri, Mkunga. Wenda wapi leo?"

"Nitawambia nikirudi. Inukeni."

Nao waliinuka. Kiongozi wao alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye kazi yake zamani ilikuwa kusimama juu ya meli na kumwonyesha ishara za mikono mwendesha winchi. Tulimwita Mzee wa Bandari. Yeye hakusukuma. Alitangulia kinyumenyume nyuma ya motokaa, mkono mmoja juu, akiamrisha: "Kidogo kulia! Taratibu! Shikilia hapo!" Ungedhani ni shehena ya vioo.

Siku moja kijana mmoja mwenye kifua kipana, aliyekuwa amechelewa kazini, alinung'unika. "Mkunga, kwani sisi makuli wako?"

Mkunga akatoa kichwa dirishani. "Weye ndiye wanuna? Mimi nilikutoa wewe kichwa mbele, kwa taabu ya siku nzima, na mamako akipiga ukelele mtaa wote wasikia. Nawe nitoe mimi nyuma, dakika moja, bila kelele."

Baraza lilicheka hadi kahawa ikamwagika. Kijana alisukuma.

Kukosa rivasi kulimfundisha Mkunga tabia ambazo mtu asiyejua sababu yake angeziona ni wazimu. Akimpita mtu aliyetaka kusema naye, hakuweza kurudi. Ilibidi azunguke hadi Makadara, aingie tena kwa njia ya juu na kushuka upya. Nilikuwa naye alipompita mwanamke mmoja aliyekaa mlangoni, na tulipofika mbali ndipo alipokumbuka kwamba yule amefiwa na mumewe.

"Mkunga, utamwona kesho," nilimwambia. Nilikuwa na darasa.

"Kesho ni yake yeye. Mimi namtaka leo."

Tukazunguka mji mzima. Akasimamisha motokaa mlangoni, hakuizima, akashuka, akamshika yule mama mikono miwili, wakakaa hivyo bila maneno mengi. Nilifika shuleni nimechelewa, na hadi leo sijui kama kuna somo ambalo ningelifundisha asubuhi ile likazidi lile.

Lakini usidhani alikuwa mpole. Alikemea vumbi, alikemea watu wanaochelewa, ilhali yeye mwenyewe alisimamisha motokaa katikati ya njia kuuliza bei ya ndimu huku mikokoteni ikijazana nyuma. Hakuruhusu samaki ndani ya motokaa, hata wa kukaangwa. Watoto aliwapokea duniani kwa furaha, ila hakuwataka kwenye viti vyake kabla hawajajua kufuta miguu. Na mtu akiisifu motokaa yake alikasirika, kwa sababu aliamini vitu vikisifiwa huringa. Asubuhi motokaa ilipogoma kuwaka alikuwa akiniuliza, "Nani kaisifu jana?"

Alinifundisha kuendesha yeye. Kanuni yake kubwa ilikuwa nyepesi: kabla hujaingia mahali, ujue utatokea wapi. Niliisikia, nikaikubali, na mara ya kwanza kupewa motokaa peke yangu nikaisahau. Nilikata kona nikajikuta mbele ya masufuria makubwa ya biriani yaliyotandazwa njia nzima kwa ajili ya harusi, mafiga yanawaka, na wapishi wanawake wamekaa kwenye vibao wakimenya vitunguu. Mbele hapapitiki. Nyuma, unajua.

"Rudi nyuma, mwalimu!" waliniambia.

"Hairudi, dada zangu."

"Hii ni ya Mkunga!" mmoja alipiga kelele, na kicheko kikaanza ambacho nadhani hakijaisha. Wakaenda kumwita. Alikuja kwa miguu, hakunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akafunua, akaonja, akasema chumvi bado. Kisha ndipo aliponigeukia. "Sasa umeshajifunza. Kaa ule, wasukumaji watakuja wakimaliza kuswali."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisahihisha makosa. Sijapata njia bora zaidi darasani.

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, kwanza kulia, baadaye kushoto. Alificha kwa muda. Nilikuja kujua siku tulipokuwa tukishuka Ndia Kuu na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile nyeupe mbele, ni punda au ni kanzu?"

"Ni kanzu, Mkunga. Na ndani yake mna mtu!"

"Basi nipigie honi."

Jioni ile alikuja chumbani kwangu, akauweka ufunguo juu ya madaftari yangu. "Sitaki kumgonga mtu niliyempokea duniani kwa mikono yangu," alisema. "Iwashe kila Ijumaa, iende ikanuse upepo, isije ikalala moja kwa moja." Hakusema zaidi. Usiku huohuo lakini alimpigia simu mwanawe wa pekee, aliyekuwa na kazi ya ofisini Nairobi, na kumweleza ukweli. Uongo haukuwa fani yake.

Mwanawe alikuja. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo mapema ili usimchukie. Aliogopa kumwacha mamake mzee, haoni, katika nyumba yenye ngazi za mawe.

"Mama, twende Nairobi. Nyumba tutaifunga."

"Nyumba haifungwi na mwenyewe yumo ndani."

"Huoni, Mama. Na motokaa yenyewe haitoki kichochoroni mpaka wanaume watano waache kahawa yao. Huko ndiko kujitegemea?"

"Nani alikwambia najitegemea?" Mkunga alijibu. "Mimi nategemea watano. Huko Nairobi wataka nimtegemee nani? Lifti?"

Nilikuwa mlangoni na sinia ya chai, nikashindwa kuingia wala kutoka. Mwanawe akatoa sharti lake, kwa upole, kama mtu anayepima mizigo. Afanyiwe operesheni ya macho. Akipona, na akiweza kuitoa motokaa mwenyewe, kutoka mlangoni hadi njia kuu, bila mtu kumsukuma, basi atabaki Mombasa na suala la Nairobi halitatajwa tena. Asipoweza, atahama.

Mkunga alikubali. Ila mimi niliuona mkono wake ukitafuta ukingo wa meza. Katika maneno yale mlikuwa na vitu viwili alivyoviogopa duniani, kisu katika mwili wake na kisu katika motokaa yake. Alichokuwa akikipigania ni kuzeeka na kufa katika mtaa aliouzalisha.

Wiki zikapita asiende hospitali. Kila siku palikuwa na sababu: leo mvua, kesho harusi, keshokutwa daktari ana uso wa haraka. Mwishowe Mzee wa Bandari alikuja hadi sebuleni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Mkunga, uliwaambia nini wake zetu?"

"Niliwambia mengi."

"Uliwambia wasiogope kisu."

"Kilikuwa kisu cha wenyewe hicho," Mkunga alisema, kisha akacheka kwa kujikuta amekamatwa. Asubuhi ya pili nilimpeleka.

Alipokuwa amelazwa, wale wanaume wa baraza walifanya jambo bila kumwuliza. Kila mmoja alichanga alichoweza, wakaifunga motokaa kamba na kuivuta hadi Majengo, kwa fundi aliyekuwa na gari la aina ileile limeoza nyuma ya banda lake, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Giaboksi yake ilikuwa nzima. Kuku wakahamishwa. Fundi akaifungua motokaa ya Mkunga tumbo, akabadilisha, akafunga. Mzee wa Bandari alisimama pale mchana kutwa akiamrisha kwa mikono, ingawa hakuna aliyemtazama.

Mkunga alirudi na kitambaa jicho moja na furaha kwenye lile jingine, lililokwisha kupona kwanza. Walipomwambia, furaha ikaondoka.

"Nani kawapa ruhusa muipasue?"

Kijana wa kifua kipana alijificha nyuma ya nguzo.

"Imeamka salama?" aliuliza tena, sauti imeshuka.

"Salama, Mkunga. Kama weye."

Akaiendea, akaweka kiganja juu ya boneti na kukituliza hapo, jinsi nilivyowahi kumwona akiweka kiganja juu ya tumbo la mama mjamzito.

Tatizo lililobaki hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mkunga alikuwa amesahau kurudi nyuma. Miaka yote ile alifuata tu sauti ya Mzee wa Bandari, shingo yake haikupata sababu ya kugeuka, na mikono yake haikujua tena usukani unataka nini. Daktari aliporuhusu, nilianza kumpeleka uwanja wa Makadara asubuhi mapema. Nilipanga makopo ya samli yaliyo matupu katika mistari miwili yawe ndiyo kuta za kichochoro chetu. Siku ya kwanza aliyaponda karibu yote.

"Mkia ukitaka uende kulia, zungusha kulia," nilimweleza. "Hakuna kilichobadilika."

"Kama hakuna kilichobadilika mbona naingia kwenye nyumba za wenyewe?"

"Kwa sababu unaenda haraka. Achia klachi kidogo, kidogo tu. Iache itambae. Ukipotea, simama. Kusimama si kosa."

"Haya, mwalimu," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Nakwambia wewe unayedhani umri wa kujifunza umekupita: nilimwona mwanamke wa miaka sabini na ushei akipindisha shingo yenye ugumu, akiuma mdomo, akisimama, akianza tena. Makopo yaliyobaki wima yaliongezeka asubuhi baada ya asubuhi. Yalipobaki yote, alishuka akayahesabu mwenyewe, kwa sababu hakuniamini.

Mwisho wa muhula ule nilihamishiwa shule ya nyumbani Taita. Kwa hiyo siku ninayoisimulia sasa ndiyo siku yangu ya mwisho kukaa katika motokaa ile.

Mwanawe alifika kutoka Nairobi akakaa kiti cha mbele. Mimi nilizungusha hendeli, kisha nikajipenyeza nyuma. Barazani wanaume walikuwa wamekubaliana kutoinuka. Walikaa wamenyooka, vikombe mikononi, kama watu wanaopigwa picha.

Mkunga alitia rivasi. Giaboksi ililia kwa sauti nyembamba ambayo kichochoro hakikuwahi kuisikia. Akaachia klachi kidogo, kidogo tu. Motokaa ikatambaa. Ukuta ulipita karibu na kioo changu kiasi cha kuona chokaa ilivyopasuka. Alisimama mara moja, akanyoosha usukani, akaendelea. Mwanawe alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe.

Tulipokuwa sawasawa na baraza, Mzee wa Bandari aliinuka. Mkono wake ulipanda juu kwa mazoea, ukasita, ukashuka. Akateremka, akaweka kiganja kwenye boneti na kuanza kutembea nasi. Kijana wa kifua kipana akaja upande wa pili wa boneti. Wakaja na wengine, viganja kwenye mabawa ya kijani na ya maziwa, mwendo mmoja na motokaa.

Mwanawe alitoa kichwa dirishani. "Jamani! Tulisema asisukumwe!"

"Nani asukuma?" Mzee wa Bandari alimjibu, hakuongeza hatua wala kupunguza. "Twamsindikiza."

Mwanawe alitazama vile viganja. Vilikuwa vimelazwa tu, vyepesi, havina kazi. Akamtazama mamake, aliyekuwa amegeuza shingo yote nyuma, jicho lake safi limekaza kwenye njia kuu, hasikii neno la mtu. Akarudisha kichwa ndani.

Tukatoka kichochoroni. Mkunga alikata usukani, motokaa ikageuka ikatazama Makadara, na viganja vikaachia kimoja kimoja.

"Nilikata tiketi mbili za basi, Mama," mwanawe alisema. "Moja nitairudisha."

Mkunga akaingiza gia ya kwanza.